Kebo Hadi Juu, Kisha Miguu: Table Mountain, San Jacinto au Sandia?

Wapo watu wanaopenda mlima lakini hawana siku sita za kuupanda wala magoti ya kuushuka. Kwa hao ipo milima ambayo gari la kebo hukufikisha karibu na juu kwa dakika chache, na njia za miguu zinaanzia mlangoni mwa kituo. Hapa nalinganisha mitatu: Table Mountain wa Cape Town, San Jacinto ulio juu ya mji wa Palm Springs, California, na Sandia unaoutazama mji wa Albuquerque, New Mexico.

Wa kwanza ndio unaofikika kwa wepesi na msomaji wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Hiyo miwili ya Marekani nimeiweka kwa ajili ya ndugu waliohamia kusini-magharibi mwa nchi ile, wakiwemo Wakongomani wa Phoenix, ambao wikendi ndefu ikikaribia hubaki wanaulizana: twende California au New Mexico?

Kwetu kebo ya mlimani bado ni mjadala. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilisema inafikiria kuiweka Kilimanjaro, na waongozaji na wapagazi wakapinga kwa hofu ya kukosa riziki. Ugomvi huo una wenyewe. Ninachokiona mimi kwenye milima ambayo kebo tayari ipo ni kwamba haifuti ugumu wa mlima, inauhamisha tu. Unatoka miguuni, unahamia kwenye mapafu na kwenye saa. Mtu aliyepandishwa mita elfu na zaidi kwa robo saa hajapata nafasi ya kuzoea hewa, na mtu anayetegemea gari la mwisho kurudi chini hatembei kwa uhuru aliodhani ameununua pamoja na tiketi. Ndiyo maana vigezo vyangu si vile vya vipeperushi vya watalii.

Vigezo

Natazama mambo matano. Kwanza, kituo cha juu kiko kwenye mwinuko gani, na wewe unatokea mwinuko gani. Pili, njia zenyewe: kuna nini cha kutembea ukishashuka kwenye gari, kwa asiye na mazoezi na kwa mwenye nayo. Tatu, kebo ikisimama unashukaje. Nne, msimu na hali ya hewa. Tano, vibali, gharama na safari ya kufika.

Mandhari sikuiweka kwenye orodha. Milima yote mitatu inapendeza, na picha zake zimejaa kila mahali.

Neno moja kuhusu mtambo, kwa sababu linagusa kila kitakachofuata. Kote kutatu mfumo ni uleule: magari mawili tu, moja likipanda jingine linashuka, yanapishana katikati ya safari. Gari la Cape Town hubeba watu 65, la Palm Springs 80, la Sandia 50. Hakuna gari la tatu la akiba. Watu mia mbili wakiamua kushuka pamoja baada ya jua kuzama, foleni ni ya kweli, na aliyefika mwisho husubiri gari liende na kurudi zaidi ya mara moja.

Mwinuko na mwili wako

Kituo cha juu cha Table Mountain kiko mita 1,067 juu ya usawa wa bahari. Mkazi wa Nairobi akisimama pale bado yuko chini ya mtaa wake, maana Nairobi iko karibu mita 1,800. Hata Arusha, kwenye mita kama 1,400, inaupita. Kwa hiyo Table Mountain hauna suala la hewa nyepesi. Ukihema pale, ni ngazi za mawe zimekuchosha.

San Jacinto ni habari nyingine. Kituo cha chini kiko mita 806, cha juu mita 2,596, na safari ni ya dakika kumi hivi. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anaijua kambi ya Mandara, mita 2,720, ambako watu hufika baada ya saa kadhaa za kutembea kutoka lango ambalo tayari liko karibu mita 1,900. Palm Springs unafikishwa karibu na mwinuko huo ukiwa umesimama na simu mkononi, na sakafu ya gari inazunguka taratibu ili kila mtu apate dirisha. Ukitaka kilele, bado uko mbali: mita 3,302.

Sandia hupandisha juu zaidi: kutoka mita 1,999 hadi 3,163 kwa dakika kama 15. Huko ni kati ya Mandara na Horombo, kambi inayofuata juu yake kwenye njia ya Marangu. Mwenyeji wa Albuquerque, anayelala kwenye mita kama 1,600, huenda asihisi kitu. Aliyeendesha gari kutoka Phoenix au pwani ya California anaweza kutoka kituoni akaona kichwa kinamgonga na hatua ishirini za kupanda zinamtaka apumzike. Dawa ya hilo ni ya kizamani: kunywa maji, tembea polepole, usikimbilie kilele katika saa ya kwanza, na kichwa kikizidi kuuma au kichefuchefu kikija, shuka. Uzuri wa kebo ni kwamba kushuka ni rahisi, mradi usiwe umeshatembea saa tatu kutoka kituoni.

Jambo ambalo vitabu vya wageni hulipita haraka, nasi hatuna ruhusa ya kulipita: selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita. Hewa yenye oksijeni haba inaweza kumwamshia mgonjwa maumivu makali, na hata aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu anaweza kupata shida ya bandama kwenye miinuko ya namna hii. Kama kwenye familia lipo, zungumza na daktari kabla ya San Jacinto au Sandia. Mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu afanye vivyo hivyo. Kwa familia yenye mgonjwa wa namna hiyo, Table Mountain unashinda kabla ya kufika kigezo cha pili.

Njia za miguu

*Table Mountain.* Karibu na kituo kuna njia fupi zilizotengenezwa vizuri, zenye majina ya Dassie, Agama na Klipspringer. Mzee anaweza kuzizunguka kwa mwendo wa mazungumzo. Pimbi watakuwa wameanikwa juani juu ya miamba, wala hawana haraka ya kukukimbia. Usiwape chakula.

Anayetaka zaidi aelekee Maclear's Beacon, mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1844 na mwanaastronomia Thomas Maclear kwa kazi ya upimaji. Ndiyo sehemu ya juu kabisa ya mlima, mita 1,086, yaani mita 19 tu kupita kituo. Njia ni tambarare yenye mawe, kama saa moja kwenda, katikati ya vichaka vifupi vya fynbos ambavyo sehemu kubwa ya mimea yake haioti kwingine duniani. Cha kushangaza ni kwamba wengi wanaopanda na kebo hawafiki huko. Wanabaki ukingoni na kamera, kisha wanarudi chini. Ukitembea dakika ishirini tu kutoka mgahawani, kelele inaisha.

Lakini mimi naona Table Mountain unatumika vizuri zaidi kinyumenyume: panda kwa miguu, shuka kwa kebo. Njia iliyo wazi kwa wengi ni Platteklip Gorge, korongo alilopanda Mreno António de Saldanha mwaka 1503. Inaanzia Tafelberg Road, mbele kidogo ya kituo cha chini, na ni ngazi za mawe mwanzo hadi mwisho, saa mbili hadi tatu. Kivuli hakipo. Anza asubuhi na mapema. Kuiteremka ni adhabu ya magoti, na hapo ndipo kebo inapolipa gharama yake. Anayependa kivuli aanzie bustani ya Kirstenbosch, apande Skeleton Gorge kupitia msitu, ngazi za mbao na miamba yenye maji, kisha akatize juu ya mlima kupitia Maclear's Beacon hadi kituoni. Hiyo ni siku nzima. India Venster, inayopita karibu chini ya kebo, ina sehemu za kushika minyororo. Usiifuate kwa sababu tu umeona vijana wamekutangulia.

*San Jacinto.* Hapa kituo hakikujengwa kileleni bali kwenye ukingo wa bonde la misonobari, na kitu cha kwanza unachokutana nacho ni njia ya saruji inayoteremka kwa mikunjo hadi Long Valley. Asubuhi haikusumbui. Jioni, baada ya kilomita nyingi, njia hiyo hiyo inapanda kukurudisha kituoni, na watu huilaani kwa lugha zote. Iwekee akiba ya nguvu.

Bondeni kuna njia mbili zisizotaka kibali: mzunguko wa Discovery, wa kilomita moja hivi, na Desert View, wa kilomita mbili na nusu, unaopita kwenye vichochoro vinavyochungulia jangwa la Coachella kule chini. Watoto wanaiweza hiyo ya pili. Ndani zaidi kuna mzunguko wa Round Valley, kilomita kama saba, msituni, wenye uwanja wa majani katikati. Kwa mtu mwenye afya ya kawaida huo ndio ninaoupendelea: unatosha kukuchosha, haukulazimishi kukimbizana na saa.

Kisha kilele. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 18, na kupanda mita 700 na ushei, kupitia Round Valley na Wellman Divide. Njia si ya kukwea kamba. Ni ndefu tu, na mwisho wake ni kurukaruka juu ya mawe makubwa. Chini kidogo ya kilele kuna kibanda cha mawe kilichojengwa miaka ya 1930 na vijana wa mpango wa ajira wa serikali ya Marekani wakati wa mdororo wa uchumi. Kimewasitiri wengi waliokutwa na dhoruba.

Kuna pia wanaopanda kutoka mjini Palm Springs kwa miguu, jangwani hadi kileleni, zaidi ya mita 3,000 za kupanda kwa siku moja, kisha wanarudi na kebo. Njia hiyo haina maji na joto lake limeua watu. Naitaja ili ukiisikia usidhani ni toleo refu la matembezi haya.

*Sandia.* Kituo kiko kwenye mgongo wenyewe wa mlima. Huna pa kuteremka kwanza. Ukitoka mlangoni unachagua kaskazini au kusini. Kaskazini njia hufuata ukingo hadi kibanda cha mawe cha Kiwanis, kilichokaa peke yake juu ya genge, halafu hadi Sandia Crest, mita 3,255. Ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa aliyezoea hewa. Miguuni utaona mawe ya chokaa yenye visukuku vya viumbe wa bahari, zaidi ya kilomita tatu juu ya bahari ya leo. Huko Crest kuna msitu wa minara ya redio na televisheni pamoja na maegesho ya magari, kwa sababu barabara ya lami hufika kutoka upande wa mashariki. Kwa anayetafuta upweke huu ni upungufu, na naukubali. Akielekea kusini ataupata upweke: njia ya mgongoni inaendelea msituni na watu wanapungua haraka.

Njia kubwa ya Sandia ni La Luz. Inapanda upande wa magharibi kwa kilomita kama 12 na karibu mita elfu, kutoka vichaka vya jangwa hadi misonobari, kwa mikunjo mingi kuliko utakavyotaka kuhesabu. Kawaida yake ni kama ya Platteklip: panda kwa miguu, shuka na gari. Tatizo lake ni gari lako mwenyewe. Ukiliacha mwanzo wa La Luz, kebo itakushusha mahali pengine. Wenyeji hulimaliza hilo kwa kuegesha kituo cha kebo na kufuata Tramway Trail hadi inapokutana na La Luz. Safari inaongezeka hadi kilomita 14 hivi, ila jioni unashukia kwenye gari lako.

Ukiwa ndani ya kebo ya Sandia, mwendeshaji huwa anaonyesha chini makorongoni mabaki ya ndege ya shirika la TWA iliyogonga mlima tarehe 19 Februari 1955 na kuua wote 16 waliokuwamo. Yako palepale hadi leo.

Kebo ikisimama

Kigezo hiki wachache wanakiuliza kabla, na wote wanakiuliza upepo ukivuma.

Table Mountain una majibu ya kutosha. Platteklip ipo, imewekewa alama, na mtu mwenye viatu vya maana anashuka kwa saa mbili. Hali ikibadilika king'ora hupigwa juu, na maana yake ni rudi kituoni sasa hivi, si baada ya picha moja zaidi. Hatari ni kwa aliyepanda na ndala na mtoto mgongoni akiamini kuwa kebo ni haki yake.

Sandia nako mlango wa pili upo: barabara ya Crest. Mwenye rafiki mjini anaweza kutembea hadi maegeshoni akachukuliwa, ingawa wakati wa theluji barabara hiyo nayo hutaka uangalifu. La Luz pia inashuka, mradi una mwanga na magoti.

San Jacinto ndio usio na huruma. Hakuna barabara inayofika kituo cha juu. Mtambo huo, uliofunguliwa Septemba 1963, ulijengwa huku helikopta zikibeba watu na vifaa, na minne kati ya minara yake mitano isingejengeka bila hizo, kwa sababu korongo la Chino halipitiki. Bado halipitiki. Ukikosa gari la mwisho, njia ya miguu ya busara inakwenda upande wa pili wa mlima, kwenye kijiji cha Idyllwild, mwendo wa saa kadhaa, na ukifika huko uko zaidi ya saa nzima ya gari kutoka ulipoegesha. Usithubutu kuteremkia moja kwa moja Palm Springs. Kwa hiyo anayetaka kilele apange saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, na ikifika ageuke hata kama kilele kinaonekana.

Msimu na hali ya hewa

Cape Town adui ni upepo na ukungu. Kiangazi chao, Oktoba hadi Machi hivi, upepo wa kusini-mashariki huweza kufunga kebo asubuhi moja iliyoanza bila wingu. Wingu jeupe likianza kumwagika ukingoni, wenyeji husema mlima umetandikiwa kitambaa cha meza, na aliyeko ndani ya kitambaa hicho haoni hatua kumi mbele. Mvua huja Juni hadi Agosti, na matengenezo ya mwaka ya kebo kwa kawaida hufanyika katika majira hayo. Ushauri: ukifika Cape Town kwa siku tano, mlima uwe wa siku ya kwanza yenye anga safi. Anayeuweka siku ya kuondoka huondoka bila kuuona.

Palm Springs mvuto mkubwa ni tofauti ya joto. Chini inaweza kuwa zaidi ya nyuzi 40, juu ukahitaji sweta. Watu hupanda na kaptula kwa sababu ndivyo walivyovaa mjini, kisha wanajikunyata dirishani mwa mgahawa. Baridi kali ikianza, theluji hufunika njia, na watoto wetu wengi wa California na Arizona huigusa hapo kwa mara ya kwanza. Bondeni Long Valley hiyo ni furaha. Kwenye miteremko ya juu theluji hugeuka barafu ngumu ambayo imekwisha kuua watu, na hapo bila vyuma vya meno vya kuvisha viatu, pamoja na ujuzi wa kuvitumia, hupaswi kwenda. Matengenezo makubwa mara nyingi huwa Septemba.

Sandia, Julai na Agosti mvua za alasiri huja na radi, na mgongo wa mlima ulio wazi si mahali pa kungojea radi. Panda asubuhi, uwe kituoni kabla ya saa saba mchana. Upepo nao una nguvu hapa kwa sababu ya umbo la mtambo: minara ni miwili tu, na kutoka wa pili hadi juu kebo huning'inia zaidi ya kilomita mbili bila kiegemeo. Usiku wa kuamkia mwaka 2022 barafu ilishika kebo na watu 21 wakalala ndani ya magari hewani. Siku iliyofuata walishushwa kwa kamba na kuondolewa kwa helikopta, wote salama. Ni tukio la nadra, si sababu ya kuogopa. Ni sababu ya kubeba koti hata kama unapanda kula chakula cha jioni tu. Matengenezo hufanyika majira ya kuchipua na tena mwishoni mwa vuli. Oktoba, wakati wa tamasha kubwa la maputo ya hewa moto, foleni huwa ndefu. Ben Abruzzo, mmoja wa wawili waliouanzisha mtambo huo mwaka 1966, mwenyewe alikuwa mpanda puto, na mwaka 1978 alivuka Atlantiki kwa puto pamoja na wenzake wawili.

Vibali, mfuko na kufika

Bei za tiketi hubadilika, kwa hiyo zitazame kwenye tovuti ya kila mtambo wiki unayosafiri. Kisichobadilika sana ni muundo. Table Mountain tiketi ya asubuhi huwa ghali kuliko ya alasiri, na unaweza kununua ya upande mmoja, jambo linalomfaa anayepanda kwa Platteklip. Kutembea Platteklip kwenyewe ni bure. Kirstenbosch kuna kiingilio.

San Jacinto njia yoyote inayotoka nje ya bonde la Long Valley inataka kibali. Ni bure, unajiandikisha kwenye kituo cha askari wa hifadhi ukishashuka njia ile ya saruji. Usikione kama urasimu, kwa kuwa karatasi hiyo ndiyo inayowaambia watu umeelekea wapi usiporudi. Maegesho hulipiwa. Siku za kazi magari ya kebo kwa kawaida huchelewa kuanza kuliko wikendi, na hilo pekee linaweza kukunyang'anya kilele: mwenye mwendo wa polepole achague Jumamosi au Jumapili, avumilie umati. Sandia hakuna kibali cha matembezi ya siku.

Kufika: mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya huingia Afrika Kusini kwa utalii wa hadi siku 90 bila viza. Kwa Wakenya ni tangu Januari 2023. Wenye pasipoti nyingine za kanda wawaulize ubalozi mapema. Viza ya Marekani kila mtu anajua ilivyo, na sioni busara ya kuiombea kebo. Kwa aliyeko huko tayari, Palm Springs ni kama saa mbili za gari kutoka Los Angeles na saa nne kutoka Phoenix, wakati Albuquerque kutoka Phoenix ni saa sita na nusu au saba. Sandia faida yake ni kwamba mtambo uko pembeni mwa jiji kubwa: unalala kwa bei ya kawaida, unafika kituoni kwa nusu saa. Palm Springs ni mji wa starehe, na hoteli zake wikendi za msimu wa baridi zinajua hivyo.

Cape Town nina angalizo moja zaidi. Watembea kwa miguu huporwa mara kwa mara kwenye njia za chini za mlima. Tembeeni kikundi, msionyeshe simu, na msiwe njiani giza likiingia.

Basi wewe uende wapi?

Una wazazi waliokuja kutembea, au mtoto mchanga, au mtu ambaye hewa nyepesi ni hatari kwake: Table Mountain, ukipanda na kushuka kwa kebo. Kama mko Marekani na hao ndio mnaosafiri nao, na daktari hajakataza, Palm Springs bondeni ni afadhali kuliko Sandia, kwa kuwa kituo kiko mita zaidi ya 500 chini. Ila kumbukeni ile njia ya saruji. Mzee asiyeiweza abaki kituoni, na kutoka kwenye baraza ataona jangwa vizuri tu.

Unataka kilele halisi, siku nzima msituni, na una nidhamu ya saa: San Jacinto, kati ya mwishoni mwa Mei na Oktoba, ukishahakikisha theluji imeisha na kebo haiko kwenye matengenezo.

Una nusu siku tu, hujui kama utachoka, na unapenda kutembea ukingoni badala ya ndani ya msitu: Sandia hadi kibanda cha Kiwanis, na ukijisikia vizuri endelea hadi Crest. Ukiona umezidiwa, unarudi kituoni kwa dakika arobaini.

Unajiandaa kwa Kilimanjaro au Mlima Kenya na uko Marekani: La Luz kwa miguu, kushuka kwa kebo, ni mazoezi mazuri ya siku moja. Kilele cha San Jacinto kinafaa kwa wiki inayofuata. Table Mountain utakupa miguu lakini hautakufundisha chochote kuhusu hewa.

Uko Phoenix na una siku mbili tu: Palm Springs. Ukiwa na tatu au nne, saa za ziada za kuendesha hadi Albuquerque zinalipa, hasa kama joto la jangwa limekuchosha na unataka kulala mahali ambapo hata mjini usiku kuna ubaridi.

Uko Afrika Mashariki na unapanga likizo ya kwanza ya mlima bila hema wala wapagazi: Cape Town. Nunua tiketi ya kushuka tu, anza Platteklip jua likichomoza, beba lita mbili za maji kila mtu, na kabla ya kuondoka hotelini hakikisha kebo inafanya kazi siku hiyo.